Aliyetoa Mara Moja

Katika mazungumzo ya wapenda muziki liko swali moja ambalo huanza kwa furaha na kuishia katika malalamiko. Mtu huulizwa awataje waimbaji awapendao ambao walitoa albamu moja tu ya studio. Huwataja kwa haraka, maana majina yao hayasahauliki, lakini akisha kuwataja huongeza neno la pili: "Laiti angalitoa nyingine!" Katika neno hilo la pili ndimo yalimo maudhui ya insha hii. Nataka kuchungua kama laiti hiyo ni sauti ya mpenzi au ni sauti ya mdai. Na kama ni sauti ya mdai, deni lenyewe lilikopwa lini, na nani, na kwa hati gani.

Kwanza yafaa tukijue kipimo chenyewe. Albamu si kipimo kilichozaliwa na muziki. Ni kipimo kilichozaliwa na kiwanda. Sahani ya santuri ya zamani, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilichukua wimbo wa dakika 3 au 4 hivi kila upande. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta sokoni sahani iliyozunguka polepole, mara 33 na theluthi kwa dakika, nayo iliweza kuchukua zaidi ya dakika 20 kila upande. Nyimbo zikapata nyumba kubwa zaidi, na baada ya miaka kupita mwimbaji akaanza kuhesabiwa kwa idadi ya nyumba alizojenga. Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mitambo ya kurekodi, hakuwa na albamu hata moja kwa maana hii. Walakini hapana mtu mwenye akili atakayesema kwamba kazi yake ilikuwa pungufu. Basi tusemapo kwamba msanii fulani ana albamu moja tu, tukumbuke ya kuwa neno "tu" limetoka dukani. Halikutoka katika wimbo.

Hata hivyo kipimo kikisha kuwako hutawala, na watu hujihukumu na kuhukumiana kwacho. Wenye albamu moja si wa namna moja. Wako walionyamazishwa na mauti. Wako walionyamazishwa na dhiki. Wako walioikana hata ile moja. Na wako walio hai, wenye sauti na nguvu, ambao hawakutoa nyingine. Nitawatazama kwa mfuatano huo, kwa sababu swali la deni hubadilika uso katika kila hatua.

Mfano wa mauti ni Jeff Buckley, aliyezaliwa California mwaka 1966. Baba yake, Tim Buckley, alikuwa mwimbaji pia. Alitoa albamu 9 akafa mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 28, na mtoto hakupata kumjua ila kidogo. Agosti 1994 mwana alitoa albamu yake, Grace, yenye nyimbo 10. Saba zilikuwa zake na za wenzake. Tatu zilikuwa za watu wengine, na mmojawapo ni "Hallelujah" wa Leonard Cohen, ambao watu wengi wa leo huujua kwa sauti ya Buckley kabla ya kuujua kwa sauti ya mtungaji. Ilipotoka, albamu hiyo haikupita nafasi ya 149 katika orodha ya mauzo ya Marekani. Miaka mitatu baadaye alikuwa Memphis akijiandaa kurekodi ya pili. Jioni ya tarehe 29 Mei 1997, siku ile ile ambayo wanamuziki wake walikuwa wakimfuata huko, aliingia katika mto Wolf na nguo zake mwilini, akaogelea, maji yakamchukua. Alikuwa na umri wa miaka 30, na kifo chake kilihukumiwa kuwa ajali.

Kwa mtu kama huyu laiti yetu haina lawama. Hatumdai marehemu, twamlilia. Lakini hata hapa mdai huingia kwa mlango wa nyuma. Buckley aliacha nyimbo alizokwisha kuzirekodi chini ya usimamizi wa Tom Verlaine, ambazo yeye mwenyewe hakuridhika nazo, na nyingine alizojirekodia nyumbani kwa mtambo mdogo. Mwaka 1998 nyimbo hizo zilitolewa. Je, yalikuwa haki? Mtu aweza kusema kwamba sanaa nzuri haifai kuoza ndani ya sanduku. Mtu mwingine aweza kusema kwamba aliyekufa ameondolewa uwezo wa kufuta, na kufuta ni nusu ya kazi ya msanii. Mimi naona ya kuwa jambo moja liliiokoa heshima ya wote: mkusanyiko ule uliitwa kwa jina la rasimu. Rasimu ikiitwa rasimu haimsingizii marehemu. Ikiitwa kazi iliyokamilika humsemea uwongo mtu asiyeweza kujibu. Kwa hiyo twaweza kupokea alichoacha, ila hatuwezi kusema kwamba alitupa.

Mfano wa dhiki ni mchungu zaidi. Jackson C. Frank alikuwa mtoto wa miaka 11 tarehe 31 Machi 1954, moto ulipozuka katika shule yake karibu na Buffalo, jimbo la New York. Wanafunzi 15 walikufa. Yeye alipona, lakini aliungua vibaya sehemu kubwa ya mwili. Akiwa hospitali mwalimu mmoja alimletea gitaa, na humo akaanza kujifunza. Alipofikia umri wa miaka 21 alilipwa fidia ya ajali ile, akapanda meli kwenda Uingereza. Huko London mwaka 1965 alirekodi albamu yake ya pekee kwa muda usiozidi saa chache, msimamizi wake akiwa Paul Simon. Inasimuliwa kwamba aliona haya mno hata akaomba azungushiwe viwambo asionekane alipokuwa akiimba. Albamu ilinunuliwa na wachache. Baadaye akapatwa na maradhi ya akili, akafiwa na mtoto wake mchanga, akaishi miaka mingi bila ya makao katika nchi yake mwenyewe, akapoteza na jicho moja. Alikufa mwaka 1999. Nyimbo zake zimeimbwa na wengi waliokuwa na sifa kuliko yeye.

Leo wapenzi wake husema, "Laiti angalitoa nyingine." Laiti hiyo naipima kwa mizani nyingine. Alipokuwa hai na mwenye haja, ile moja ilikaa madukani. Anayetaka ya pili leo, ya kwanza aliinunua nani? Kama kuna deni katika hadithi hii, mdeni si Jackson Frank. Sisemi kwamba kila msikilizaji aliyezaliwa baadaye ana hatia. Mtu hawezi kununua sahani kabla ya kuzaliwa. Nasema kwamba maneno ya kumdai msanii aliyeachwa na walimwengu ni maneno yaliyopotea njia. Mahali pake panafaa maneno mengine mawili: shukrani na aibu.

Wa tatu ni wale walioikana kazi yao. Kundi la The La's la Liverpool lilitoa albamu moja mwaka 1990, baada ya miaka kadhaa ya kuanza upya na wasimamizi mbalimbali. Wasikilizaji waliipenda, wimbo wao "There She Goes" ungali ukisikika mpaka leo. Walakini mtungaji mkuu, Lee Mavers, alisema hadharani kwamba albamu ile haikuwa sauti aliyokuwa akiitafuta. Hapa msanii na msikilizaji wamegombana juu ya kitu kimoja: mmoja aona ni johari, mwingine aona ni kazi iliyoponyoka mkononi kabla ya wakati wake. Nani mwenye haki? Kuhusu uzuri, msikilizaji ana haki ya kupenda apendacho. Kuhusu ukweli wa nia, msanii peke yake ndiye shahidi. Basi asiyeweza kusema mara ya kwanza alichotaka kusema hawezi kulazimishwa kusema mara ya pili. Ukali wake huo waweza kuwa kasoro, maana kizuri hakikosi ila na anayengoja kisicho na ila atangoja milele. Lakini ni kasoro inayomwumiza yeye kwanza.

Sasa nafika kwa aliye hai, na hapa ndipo swali linapouma. Lauryn Hill alizaliwa mwaka 1975 katika jimbo la New Jersey. Alitoa albamu mbili pamoja na kundi la Fugees, mwaka 1994 na mwaka 1996. Tarehe 25 Agosti 1998, akiwa na umri wa miaka 23, alitoa The Miseducation of Lauryn Hill kwa jina lake mwenyewe. Katika juma la kwanza zaidi ya nakala 400,000 ziliuzwa Marekani. Februari 1999 alipata tuzo 5 za Grammy kwa usiku mmoja, na albamu yake ikawa ya kwanza ya hip-hop kupewa tuzo ya Albamu ya Mwaka. Mwaka 2002 ikatoka albamu ya nyimbo alizoimba mbele ya watu na gitaa lake, na wengi waliipokea kwa kusema kwamba siyo waliyokuwa wakiingoja. Ya pili ya studio haikufuata. Miaka zaidi ya 25 imepita, na katika miaka hiyo mwanamke huyu ameulizwa swali moja kuliko maswali mengine yote.

Wako wanaomlaumu, na lawama zao si za kipuuzi. Yafaa zijibiwe moja moja.

Lawama ya kwanza husema kwamba kipaji ni amana. Mungu hampi mtu sauti kama ile ili aifungie ndani. Hoja hii ina uzito kwetu, maana sisi tumelelewa katika kuheshimu amana. Lakini tuitazame vema. Amana hudaiwa na mwenyewe aliyeiweka. Haidaiwi na jirani aliyeiona ikipita mlangoni. Kama Lauryn Hill ana hesabu ya kutoa juu ya kipaji chake, ataitoa kwa Aliyempa. Tena kuitunza amana si kuitumia kila siku. Yuko aitunzaye kwa kutoiharibu. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa kuliko wagema wote wa zama zake, na tembo hakulitia maji. Yamkini alikuwa na sababu nyingine za kunyamaza, za afya, za malezi, za kuchoshwa na biashara. Mwaka 2021 alieleza mwenyewe kwamba hakuna mtu wa kampuni yake aliyewahi kumwuliza wamsaidie vipi kufanya nyingine. Lakini hata kama tusingalijua sababu hata moja, kunyamaza kwa asiye na la kusema ni unyofu, na unyofu si dhambi.

Lawama ya pili husema kwamba wasikilizaji ndio waliomtajirisha. Walimpa fedha na sifa. Naye awape wimbo. Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa la hesabu. Aliyenunua albamu alilipa bei akapokea albamu. Biashara ilikwisha pale pale, na kama kuna aliyepata faida kubwa zaidi, ni mnunuzi, kwa kuwa bei ya sahani moja haikaribii thamani ya miaka 25 ya kuisikiliza. Hatujapata kumwona mtu amenunua embe sokoni, akala akashiba utamu, kisha akarudi kumwambia mwuzaji, "Kwa sababu embe lako lilikuwa tamu, unanidai? La, mimi ndiye nikudaiye jingine." Maneno kama hayo kwa mwuza matunda yangaliitwa wazimu. Kwa msanii yameitwa mapenzi.

Hata hivyo sitaki kumtetea msanii kupita kiasi, maana kuna madeni ya kweli, na mtu asijifiche nyuma ya sanaa asiyalipe. Lauryn Hill amelalamikiwa mara nyingi kwa kuchelewa kufika jukwaani. Aliyenunua tiketi ya saa mbili ya usiku ana haki ya saa mbili ya usiku. Hilo ni deni lenye hati. Kubwa zaidi ni hili: mwaka ule ule wa 1998 wanamuziki wanne walioshiriki katika kuitengeneza albamu yake walifungua shauri, wakidai kwamba sehemu yao katika utungaji na usimamizi haikutambuliwa inavyostahili. Shauri lilimalizwa kwa mapatano nje ya mahakama mwaka 2001. Sijui mizani ya haki katika shauri lile ilielemea wapi, wala si kazi yangu kuwahukumu. Lakini shauri lenyewe latufunza kwamba hata hiyo "moja" aghalabu si ya mtu mmoja. Nyuma ya jina moja kuna mpiga ngoma, mpiga kinanda, fundi wa mitambo na mwandishi wa beti. Hao ndio ambao msanii huweza kuwa mdeni wao, kwa fedha na kwa jina. Ni ajabu ya ulimwengu kwamba wasikilizaji, ambao hawadai kitu, hupiga kelele kila mwaka, na majina ya wenye madai hayajulikani na wengi wanaopiga kelele hizo.

Lawama ya tatu haisemwi wazi, lakini ndiyo mama ya zote. Ni ile falsafa ya mithali, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kwa falsafa hii kazi ya mwaka 1998 imekwisha kuliwa, na asiye na kazi ya leo si kitu. Sisi tunaoishi vyuoni tusiicheke kwa mbali, kwa sababu twaishi ndani yake. Mwalimu huhesabiwa makala zake kama kuku wanavyohesabiwa mayai, na aliyeandika kitabu kimoja kizito huulizwa kwenye baraza mbona mwaka huu hana kitu. Nami nimekwisha kuuliza swali hilo, na nimekwisha kuulizwa. Wala sikumbuki kama mara yoyote katika hizo kitabu cha kwanza kilikuwa kimesomwa mpaka mwisho. Mithali ile ni kweli kwa tumbo. Kwa masikio na kwa akili si kweli. Chakula cha jana hakipo leo, lakini wimbo wa jana ukisikilizwa leo ni wa leo.

Katika fasihi yetu tumekwisha kuishi na jambo hili bila ya kulalamika. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumwusia binti yake. Jina lake limesimama juu ya utendi huo mmoja mpaka leo. Twaweza kubishana na wasia wake juu ya mke na mume, na wanafunzi wangu hubishana nao kila mwaka. Lakini sijapata kumsikia hata mmoja akilalamika kwamba Mwana Kupona alipaswa kutunga wa pili. Kwa nini? Kwa sababu kila asomaye huona ya kuwa mama yule alikuwa na neno la kumwambia mtu fulani kwa haja fulani, akalisema lote. Katika albamu ya Lauryn Hill mna wimbo alioutunga kwa ajili ya mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1997. Tofauti ya wanawake hawa wawili ni kubwa kwa dini, kwa zama na kwa nchi; lakini katika jambo hili wamekaa mkeka mmoja. Mama akisha kumwambia mwanawe neno lililo kubwa kuliko yote, anayemjia na kumwuliza la pili ni lipi hakulisikia la kwanza.

Mtu atauliza, je, basi ni kosa kutamani? La. Vashti Bunyan wa Uingereza alitoa albamu mwaka 1970; ikanunuliwa na wachache, naye akaacha muziki akalea watoto wake. Ile albamu ilipotolewa tena mwaka 2000 ilipata wasikilizaji wapya, na mwaka 2005 akatoa ya pili. Kwa miaka 35 alikuwa mtu wa albamu moja, kisha hakuwa. Wapenzi wake walifurahi, na furaha yao ilikuwa halali. Lakini tujiulize: katika miaka ile 35 alikuwa mdeni? Na ile ya pili ilikuwa malipo? Anayejibu ndiyo ameigeuza zawadi kuwa kodi. Ya pili ilikuja kwa njia iliyojia ya kwanza, yaani kwa hiari, wakati alipokuwa na la kuimba. Kutamani ni kukaa mlangoni na kungoja. Kudai ni kuupiga mlango teke. Wote wawili wako nje, ila mmoja tu ndiye mgeni mwema.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mithali hii huambiwa mtoaji ili asijivune kwa wingi. Naona yafaa aambiwe mpokeaji pia, ili asihesabu. Albamu ya nyimbo 10 iliyotolewa kwa moyo mzima imetimia, na albamu 20 zilizotolewa kwa mkataba huweza kuwa pungufu. Haki ya msikilizaji ni kusikiliza, na wajibu wake ni kusikiliza vema. Tukimaliza kuisikia ile moja kwa haki yake, tukajua kila sauti iliyomo na jina la kila mkono uliopiga, hapo labda tutapata nafasi ya kuomba nyingine. Nashuku kwamba tukifika hapo hatutakuwa na hamu ya kuomba, maana tutakuwa tungali tukiisikiliza.